Hodi Kabla ya Risasi

Mkufunzi wetu wa shabaha hakuwahi kufyatua risasi hata moja mbele yetu. Nalitanguliza hili kwa sababu kila ninapomsimulia, watu hutaka kusikia jinsi alivyokuwa akitoboa chungwa kwenye mita mia nne, na mimi huwa sina cha kuwapa. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha nikawa mgeni wake wa mara kwa mara kule kijijini kwake Uru, na katika miaka yote hiyo kitu pekee nilichomwona akikipiga ni mbu. Bunduki aliipokea kwa mikono miwili, akaikagua, akairudisha kwa mwenyewe upesi.

Tulikuwa askari wanane wa wanyamapori, wanawake tukiwa wawili. Kazi yetu ilikuwa ukanda wa juu, pale vihamba, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu, vinapokutana na msitu wa mlima, ambako nyati na tembo hushuka wakati wowote kula walivyolima wengine. Aliyefaulu shabaha ya mita mia tatu alipangwa kwenye kikosi cha msituni. Aliyeshindwa alirudishwa kulinda geti. Mimi nililichukia geti kuliko nilivyowaogopa nyati, kwa hiyo nilimsikiliza mzee yule kwa masikio yote mawili, hata pale wenzangu walipokuwa wakikonyezana.

Na walikuwa na haki ya kukonyezana. Wiki mbili za kwanza hatukuona bunduki. Alituita kihambani kwake, msimu wa kahawa, akatukalisha kwenye magunia, akatuwekea ndoo za kahawa mbivu na kutuamuru tuminye tunda moja moja kwa gumba na kidole cha shahada mpaka punje iteleze nje. Mwenzangu mmoja alinong'ona, "Huyu mzee kajipatia vibarua wa serikali." Mzee alisikia, maana wakati ule alikuwa bado anasikia hata mchwa wakitafuna.

"Punje ikitoka na ulikuwa unajua itatoka sasa hivi, umekosea," alisema. "Minya taratibu mpaka ikushtue yenyewe. Triga ni hivyo hivyo. Ukiipangia saa, mwili unatangulia kuogopa, na risasi inaenda pale ulipoogopa."

Tuliminya mpaka vidole vikawa vyekundu na kunata. Siku tulipopewa bunduki kwa mara ya kwanza nilielewa. Mlio ulinishtua kweli, kama ile punje, na tundu langu lilikuwa karibu na kiini cha shabaha kuliko la mwanamume yeyote pale. Nilijivuna. Akaniambia nisijivune, risasi moja ni bahati, risasi tano kwenye upana wa kiganja ndiyo elimu.

Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa nyikani, chini ya barabara ya Arusha, upande wa kwenda Bomang'ombe. Mahali pakavu, miiba na vumbi, tuta la udongo kule mwisho, na joto la saa tano linalofanya shabaha itetemeke kana kwamba iko chini ya maji. Mzee alitufundisha kuusoma upepo sehemu tatu: hapa tulipolala, katikati ya njia, na kule mwisho, kwa sababu upepo wa miguuni mwako si upepo wa mwenzako. Alitufundisha kwamba risasi haiendi moja kwa moja, inashuka kama jiwe lolote lililotupwa, na kwamba mpigaji wa mbali halengi kitu, analenga hewa iliyo juu ya kitu. Alitufundisha kupumua, kutoa pumzi nusu na kukaa na ile nusu iliyobaki. Hayo yote yanafundishwa kila mahali. Lile jingine sijalisikia popote.

Kabla ya risasi yoyote ya zaidi ya mita mia mbili, ilikuwa lazima mpigaji apige hodi.

Si ishara ya bendera, hiyo ilikuwepo pia. Hodi, kwa sauti, mara tatu, kama unavyosimama kwenye ua wa mtu. Kisha unangoja. "Asiyebisha hodi ni mwizi," alisema, "hata kama amekuja na zawadi. Risasi haina adabu. Inafika kabla ya mlio wake, kwa hiyo aliye kule hapati hata nafasi ya kugeuka. Adabu itoke kwako."

Tulicheka, tukabisha. Wanane tumelala kifudifudi kwenye vumbi, tunapigia hodi miiba. Madereva waliosimama barabarani kuchimba dawa walitutazama wakadhani tumerukwa na akili. Mzee alisimama nyuma yetu, kichwa ameinamisha upande mmoja, akisikiliza. Mara nyingi alisema "haya," tukapiga. Mara chache aliinua mkono.

Siku moja aliuinua na hakuushusha. Tulikaa nusu saa nzima juani, jasho likiingia machoni, na kiongozi wa kikosi chetu, mtu wa hasira za karibu, akaanza kusema mambo yasiyoandikika. Mwishowe, kutoka kwenye korongo nyuma ya tuta, alitokea mama wa Kimaasai na mbuzi sita, akatupita bila haraka. Hakuna aliyecheka tena siku ile. Lakini ilikuwepo siku nyingine, aliinua mkono vivyo hivyo, tukangoja mpaka jua likawa la utosi, hakutokea mtu. Akatuambia tufunge mazoezi. Mimi na kiongozi tulizunguka nyuma ya tuta kuangalia. Hapakuwa na unyayo wa mtu wala wa mnyama. Tuliporudi, mzee hakuuliza tumeona nini. Alikuwa amekaa garini, amefumba macho, midomo inacheza. Nilidhani anasali rozari, lakini rozari yake ilikuwa imening'inia kwenye kioo.

Alikuwa na mambo ya kutia ubaridi mgongoni, sitaficha. Alizoea kuipa shabaha mgongo wakati tunapiga, halafu akatuambia risasi zilikoangukia. "Kushoto, vidole vinne." "Umevuta." "Hii nzuri, ila ulikuwa unawaza nyumbani." Tukienda kuangalia, vidole vinne kushoto. Nilipomuuliza anajuaje, alisema risasi ikipita penye njia yake hailii, ikikosea inalalamika. Sikujua kama ananitania. Alikuwa na utani mkavu usiosindikizwa na uso.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Mkali mazoezini kiasi cha kumliza mwanamume mwenye ndevu, lakini kuku wake walikufa kwa uzee, maana hakuweza kuchinja na hakutaka achinjiwe. Alipenda ng'ombe kupita kiasi, alikuwa na wawili wa zizini, akawalisha vigogo vya mgomba na pumba tu. Majani ya kukata hayakuingia kwake kabisa. Akina mama waliopita na mizigo ya majani kichwani waliyapitisha mbali na ua wake, na yeye akiwaona aliingia ndani mpaka wapite. Majirani walimsema ni bahili. Mtu bahili hawezi kugawa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa namna alivyoigawa yule.

Alichukia uongo kwa chuki isiyo na kipimo. Ukikosa shabaha ukasingizia jua, alikupokonya bunduki siku tatu. Ukisema "nimeogopa, Mkufunzi," alikuketisha chini, akakupa ndizi ya kuchoma, mkaanza upya. Ofisa mmoja mgeni aliwahi kumbana mbele yetu apige yeye, tuone ufundi. Mzee alimtazama, akanipa bunduki mimi. "Huyu ndiye mkono wangu," akasema. Nilipiga tano, zote ndani ya kiganja. Ofisa alipiga makofi. Mimi nilimtazama mzee, nikaona mikono yake ameificha makwapani kama mtu wa baridi, na ilikuwa saa saba mchana. Nilimhurumia bila kujua namhurumia kwa nini.

Nilifaulu, nikaenda kikosi cha msituni, na hodi nikaenda nayo. Wenzangu wa kikosi kipya walinizoea. Waliniita Mama Hodi.

Sasa nifike kwenye lile lililonirudisha kwake.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ule mlima unapojifungia siku kumi mfululizo na ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Nyati dume, mzee, aliyefukuzwa na kundi lake, alikuwa ameshaharibu vihamba vitatu na kumvunja mtu mbavu. Tuliagizwa tumuue. Tulimkuta kwenye uwazi wa ukingo wa msitu, ng'ambo ya korongo, mita mia mbili na themanini kwa kipimo cha kiongozi wetu wa msituni. Ukungu ulikuwa unafunga na kufungua. Nililala, nikatafuta bega lake kwenye darubini, nikaliona vizuri. Upepo hakuna. Sikupata kuwa na risasi rahisi namna ile maishani.

Nikapiga hodi. Kwa sauti ya chini kidogo, nisimshtue. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Karibu, baba."

Niliisikia kama ninavyosikia mtu wa chumba cha pili. Sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye pumzi fupi, kama ya mtu aliyeinama anafanya kazi. Ilitoka kule kule, nyuma ya nyati. Nikatoa kidole kwenye triga.

"Piga," kiongozi akasema.

"Kuna mtu."

"Wapi?"

"Kajibu. Hamjasikia?"

Hakuna aliyesikia. Ukungu ukafunga, na ulipofungua, nyati hayupo. Tulivuka korongo tukatafuta. Majani yalikuwa yamesimama wima na umande wake wote, hakuna mtu aliyepita pale siku hiyo wala jana yake. Kiongozi hakunigombeza. Alinitazama tu, na ningependa angenigombeza.

Kesho yake asubuhi nyati yule alimuua mtu aliyekuwa anasafisha mfereji wa maji wa ukoo wao. Baba wa watoto wanne. Mwenzangu ndiye aliyemwangusha nyati mchana ule, kwa mita arobaini, bila hodi.

Sitasema nilivyolala siku zile kwa sababu sikulala. Kilichonikaba ni sale. Kwetu, ukimkosea mtu kosa zito, unakata jani la sale, mmea ule ule tunaopanda kwenye mipaka, unampelekea mkononi. Sale haikataliwi. Anayeletewa analazimika kusamehe, hata kama moyo haujataka. Lakini sale haipelekwi bila kusema kosa, na kosa langu ni lipi? Kama kule kulikuwa na mtu, nilifanya sawa, na kumpelekea mjane sale ni kukiri nisilolitenda. Kama hapakuwa na mtu, basi nilimwachia muuaji aende zake kwa sababu ya sauti iliyo kichwani mwangu, na mume wa watu amekufa kwa ajili hiyo. Nilikata jani, nikalifunga kwenye gazeti, nikashindwa kujua niende nalo wapi. Nikapanda Uru kwa Mkufunzi.

Nilikuwa sijamwona mwaka na zaidi. Alikuwa amekonda, na masikio yamekufa kabisa. Miaka ya milio ilikuwa imeyamaliza. Alikuwa amekaa barazani, akaniona, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mkufunzi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa mbele yangu hapa nikuone mdomo. Usipige kelele, sema taratibu."

Nikamweleza yote. Alinitazama midomo bila kupepesa. Nilipofika kwenye sauti, alinikatiza.

"Sauti gani?"

"Ya mtu."

"Nimekuuliza sauti gani."

"Ya mwanamke. Mtu mzima. Kama ameinama anafanya kazi."

"Ikasema nini?"

"Karibu, baba."

"Wewe ni baba?"

"Hapana, Mkufunzi. Hilo nalo linanisumbua."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba yake, na matone yalikuwa yanaanguka kutoka jani hadi jani. Kisha mzee akasema, "Ulilala penye miti miwili ya mringaringa. Korongo mbele yako, uwazi ng'ambo, jiwe jeupe upande wa kulia."

Nilikuwa sijamtajia mahali.

"Mimi nililala hapo hapo," akasema. "Nilikuwa kijana kuliko wewe. Nyati vile vile, ukungu vile vile. Nikapiga hodi kwa mzaha, kuwachekesha wenzangu waliokuwa nyuma. Akajibu, karibu, baba. Niliisikia, mwanangu. Pumzi nilikuwa nimeshaikata, kidole kimeshaanza kuminya. Ningeweza kukitoa. Wewe umekitoa, si ndiyo? Basi na mimi ningeweza. Nikajiambia ni mwangwi, nikaminya. Nyati akapiga hatua moja. Mama aliyejibu alikuwa nyuma yake chini kidogo, anakata majani ya ng'ombe, risasi ikampata yeye."

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa.

"Walichunguza, ikaandikwa ajali. Nikampelekea mume wake sale, mbele ya wazee wa ukoo. Unajua nilisema nini? Nilisema nilibisha hodi na hakuna aliyejibu. Akaipokea. Yule mzee ananikalisha naye benchi moja kanisani mpaka leo. Amemsamehe mtu ambaye hakusikia kitu. Mimi hajanisamehe, hanijui."

"Na siku zile uwanjani," nikauliza, "ulipokuwa unainua mkono?"

"Siku nyingine palikuwa na watu. Siku nyingine palikuwa na yeye. Sikuwa naweza kutofautisha, kwa hiyo niliwazuia siku zote hizo." Akagusa sikio lake. "Masikio yalipokufa nikashukuru, nikadhani ameniacha. Kumbe amekuja kwako."

Nikalia, nakiri. Nilimlilia yeye, na yule marehemu wa mferejini, na mimi mwenyewe. Nikamwonyesha jani langu kwenye gazeti, nikamuuliza nilipeleke au nisilipeleke.

"Lipeleke," akasema. "Lakini useme ulichosikia, chote, hata kama watakucheka. Usiwape kidogo wanachoweza kuamini. Mimi niliwapa hicho, ukaona."

Langu nililipeleka Jumapili iliyofuata. Nilimweleza mjane yote, pamoja na lile neno baba. Alilipokea akaliweka juu ya kabati. Hakusema kama ameniamini, na sikumuuliza. Bado tunasalimiana.

Lakini siku ile ile ya barazani, baada ya kunijibu, mzee aliinuka. Akachukua panga, akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la sale, akalifuta maji kwa mkono wa koti. Akaniambia nimsindikize. Mume wa yule mama anaishi nyumba ya tatu kwenda juu, peke yake tangu alipofiwa. Hakuoa tena, na watoto wako mbali.

Tulipanda polepole. Ilikuwa saa tisa mchana lakini ukungu ulikuwa umefanya giza la magharibi, na huwezi kuona nyumba mpaka uifikie. Tulisimama kwenye kilango cha ua. Ndani tuliona migomba tu na mlango uliofungwa. Mzee alilishika jani kwa mikono miwili. Akavuta pumzi, akatoa nusu.

"Hodi," akasema. "Hodi. Hodi."

Nikasikia jibu. Mzee hakulisikia. Alinigeukia, akaniangalia mdomo.

"Kuna aliyejibu?"

"Yupo."

"Amesema nini?"

"Karibu, baba."

"Mwanamume au mwanamke?"

Ningeweza kumwambia ni mwanamume. Ndilo jibu lililokuwa na akili, na lingemwondolea mzigo. Mlango wa nyumba ulikuwa bado umefungwa.

"Mwanamke," nikamwambia.

Mzee akavua kofia, akafungua kilango kwa mkono wake mwenyewe, akaingia.